Mstari Uliobaki

Asumpta Komba alikuwa amejiapiza kwamba wiki ile haiishi kabla hajalimaliza lile tatizo la mistari. Ndiyo maana Alhamisi ile aliwahi ofisini saa moja na nusu, hajanywa hata chai, akafungua madirisha na kuketi.

Ofisi yenyewe ilikuwa vyumba viwili tu pale Bombambili, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Aliyeianzisha ni Derick, kijana wa Mwanza aliyekuja Songea kufundisha kompyuta, akaoa, akabaki. Yeye na Asumpta ndio walioandika programu ya dirisha la dawa iliyokuwa ikitumika kwenye vituo vitatu vya afya vya misheni. Haikuwa programu ya kutisha. Mhudumu anaandika jina la mtoto, umri na uzito, programu inatafuta kipimo kwenye jedwali, na printa ndogo inatema karatasi ya kubandika kwenye chupa: mililita ngapi, mara ngapi kwa siku.

Kichwa kilikuwa kikimuuma Asumpta kwa sababu ya kitu kingine. Kila badiliko linalofanywa kwenye programu lazima litunzwe mahali, pamoja na jina la aliyelifanya na sababu yake, ili mambo yakiharibika mtu aweze kurudi nyuma. Songea walitunza kwa chombo kiitwacho Git. Kituo cha masista kule upande wa Tunduru walitunza kwa Subversion, chombo cha zamani kidogo, kilichowekwa na mfamasia wao, Mzee Fulgence, aliyejifunza kuandika programu mwenyewe akiwa na miaka hamsini na mbili. Mtandao wao ulikuwa wa kubahatisha, kwa hiyo mzee alitunza kila kitu kwenye kompyuta ileile ya kituo. Alipoambiwa ahamie Git alikataa kwa upole.

"Hii yangu naijua, mwanangu," alisema. "Ikinigomea, najua pa kuishika."

Asumpta hakubishana naye. Aliandika programu ndogo akaiita Daraja. Kazi yake kila Ijumaa mchana, mtandao ukikubali, ilikuwa kubeba mabadiliko ya Songea kuyapeleka kwa mzee, na ya mzee kuyaleta Songea, ili pande zote mbili ziwe na kitu kilekile.

Lakini kompyuta ya mzee ilimaliza kila mstari kwa alama mbili zisizoonekana, na ya Asumpta ilimaliza kwa alama moja. Jicho la mtu haliwezi kuona tofauti hiyo, ila chombo kinaiona. Daraja kila Ijumaa lilipiga kelele kwamba faili zima limebadilika, mistari elfu moja mia nne na kumi na mbili, yote inagongana. Asumpta alikuwa akiipitia mmoja mmoja mpaka macho yanawasha. Kisha mwezi uliopita, walipokuwa wakikimbizana na onyesho ambalo Derick aliliahidi kwa wakubwa wa mkoa, alichoka. Akaandika amri moja fupi ndani ya Daraja: pande mbili zikigongana, chukua ya Songea, endelea. Kelele zikaisha. Alijiambia ni jambo la siku chache tu.

Sasa siku chache zilikuwa zimekuwa wiki nne. Asubuhi ile alifanya alichopaswa kufanya tangu mwanzo. Aliipanga Git na Subversion zote zimalize mistari kwa namna moja, akaifuta ile amri, akachukua nakala ya kumbukumbu za mzee iliyoletwa Ijumaa iliyotangulia, akayaweka mabadiliko aliyoyaandika mzee mwenyewe bega kwa bega na ya Songea kuyalinganisha.

Ile mistari elfu moja na mia nne ikatoweka kama vumbi lililofagiliwa. Akatabasamu. Halafu akaona kwamba haikutoweka yote.

Ulibaki mstari mmoja.

Ulikuwa kwenye jedwali la vipimo, dawa ya maji ya kuzuia degedege, watoto wa kilo tano mpaka saba. Upande wa mzee uliandikwa 2.5. Upande wa Songea uliandikwa 5. Chini ya badiliko la mzee kulikuwa na maelezo yake, kwa Kiswahili, kama alivyozoea: "Chupa zilizokuja safari hii zina nguvu mara mbili ya zile za zamani. Nimepunguza nusu. Msirudishe."

Asumpta alisoma mara tatu. Akatazama tarehe. Mzee alikuwa ameandika hayo Jumanne, siku kumi na sita zilizopita. Ijumaa ya wiki ileile Daraja lilipita. Likakuta mgongano, likachukua ya Songea, likaendelea.

Alipiga simu ya Mzee Fulgence: haipatikani. Akampigia Sista Lidwina, mganga mfawidhi wa kituo: haipatikani. Akapiga namba ya mezani, ikalia mlio mmoja ikakatika. Mvua kubwa ilikuwa imenyesha kule tangu Jumanne usiku, na mnara ukizimika huchukua siku mbili tatu kuamka.

Derick alipoingia akiwa na chapati mkononi, alimkuta Asumpta amesimama katikati ya chumba, simu sikioni.

"Kuna nini?"

Akamwonyesha. Derick aliinama kwenye kioo, akasoma, akaweka chapati juu ya meza bila kuiangalia.

"Rekebisha," alisema. "Sukuma sasa hivi. Mtandao ukirudi itafika yenyewe."

"Nimesharekebisha. Haifiki, mtandao hauko."

"Itarudi. Labda leo mchana."

"Derick, ikifika itarekebisha kioo. Haitarekebisha chupa." Sauti yake ilikuwa inapanda, mwenyewe aliisikia. "Kuna chupa ziko majumbani kwa watu zina karatasi imeandikwa tano. Mama anampa mtoto tano sasa hivi. Tunavyoongea hapa."

Derick alitazama kalenda ukutani. Jumatatu ndiyo ilikuwa siku ya onyesho, na Asumpta alijua anaifikiria, na alijua pia kwamba yeye mwenyewe ameifikiria, kwa dakika nzima, kabla hajaanza kupiga simu.

"Huenda mzee aligundua," Derick alisema. "Yeye ndiye anayekaa dirishani. Akiona karatasi imetoka na tano si atashtuka?"

"Huenda."

Derick akachukua funguo za gari lake, Probox.

Njiani hawakuzungumza sana. Baada ya Namtumbo Asumpta alijaribu simu kila baada ya dakika tano, kila mara sauti ileile ya mwanamke ikimwambia ajaribu tena baadaye. Alikuwa akipiga hesabu kichwani asizotaka kuzipiga: wiki mbili, dirisha hufunguliwa siku sita, watoto wangapi wa kilo tano mpaka saba huandikiwa dawa ya degedege kwa siku? Labda hakuna. Labda mmoja. Alijaribu kujiambia kwamba mzee ameona, lazima ameona, mtu makini vile. Alipokuwa karibu kuamini, akakumbuka kwamba mzee mwenyewe ndiye aliyelibadilisha jedwali kwa mkono wake, kwa hiyo hana sababu ya kulitilia shaka.

"Punguza mwendo," alimwambia Derick kwenye kona. Dakika moja baadaye akamwambia, "Hatufiki hivi."

Walifika saa saba kasoro dakika chache. Mzee Fulgence alikuwa dirishani, koti jeupe, miwani imeshuka puani, akimweleza bibi mmoja namna ya kumeza vidonge. Alipowaona uso ukachangamka.

"Shikamoo baba," Asumpta alisema.

"Marahaba, mwanangu. Mmekuja bila taarifa! Kwema?"

"Si kwema, baba. Tuingie ndani."

Alimwambia palepale chumba cha dawa, akiwa amesimama, bila kuzunguka. Alisema amri aliyoiandika, siku aliyoiandika, na kilichotokea Ijumaa ile. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Hakumkatiza. Alipomaliza, mzee alikwenda akafunga dirisha, akavua miwani, akaifuta kwa pindo la koti kwa muda mrefu.

"Mimi sikuwepo," alisema. "Alhamisi, kabla ya Ijumaa hiyo, nilikwenda Mbinga kumzika dada yangu. Nimerudi jana jioni. Dirishani alikuwepo Hilda."

Asumpta alitafuta kiti. Hilda alikuwa muuguzi mpya, hana hata miezi minne kazini. Alikuwa ameelekezwa jambo moja: asibuni, afuate karatasi.

Mzee alishusha daftari kubwa la dawa, akalifungua mezani, akaanza kushuka na kidole. Derick na Asumpta walisimama nyuma yake wakifuata kidole kile. Kilisimama, kikashuka, kikasimama tena. Kiliposimama mara ya saba, ukurasa ukaisha.

"Saba," mzee alisema. Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo lilimtisha Asumpta zaidi. "Niliandika sababu. Niliandika msirudishe."

"Najua, baba."

"Hakuna aliyesoma."

"Hakuna."

Sista Lidwina, mwanamke mfupi asiyepoteza maneno, aliitwa kutoka wodini. Hakuuliza kosa la nani. Aliuliza majina, vijiji na tarehe, akawatuma bodaboda wanne waliokuwa wakisubiri abiria getini, kila mmoja na karatasi zenye majina ya akina mama wa upande wake na ujumbe mmoja: acha dawa, mlete mtoto. Hilda aliposikia alilia, akafuta macho, akaanza kuandaa vitanda.

Mpaka saa tisa na nusu watoto watano walikuwa wamefika. Mmoja hakuwa ameguswa na dawa kabisa. Mama yake alisema degedege haikurudi, akaiweka dawa kabatini. Wawili walikuwa wamesinzia-sinzia kwa siku kadhaa lakini wananyonya. Mmoja alikuwa ameharisha tu. Wa tano bibi yake aliipunguza dawa mwenyewe kwa kuwa mtoto "amekuwa mvivu wa kucheka". Wa sita akaja kwa baiskeli, mgongoni kwa mama, macho wazi, akishangaa watu. Kila mtoto aliyeingia Asumpta alimwangalia kifua kama kinapanda na kushuka, kisha akatoka nje kumsubiri anayefuata.

Wa saba hakuja. Bodaboda alirudi akasema nyumba imefungwa. Huyo alikuwa Swalehe, miezi mitano, wa huko Namasakata. Majirani walisema mama yake yuko shamba, kwenye kibanda cha kulindia mpunga, tangu Jumamosi.

"Twende," alisema mzee. Aliingia kwenye gari na begi lake kabla Derick hajajibu.

Gari liliishia pale njia ilipokuwa tope, wakatembea. Mzee alitangulia, suruali imekunjwa mpaka magotini. Asumpta aliteleza mara mbili, hakujali. Kichwani mlikuwa na wazo moja tu, na hakulipa nafasi ya kuwa sentensi.

Walimkuta mama Swalehe amekaa mlangoni pa kibanda akipepeta. Alikuwa binti mdogo, labda miaka ishirini na mbili, khanga kichwani. Aliinuka kwa adabu.

"Karibuni. Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mtoto yuko wapi?"

"Amelala. Analala sana siku hizi, alhamdulillahi. Degedege haijarudi hata mara moja."

Mzee aliinama akaingia. Asumpta alibaki nje amesikia neno moja tu, analala. Ndani kulikuwa kimya. Kisha akasikia mzee akiita jina la mtoto, mara ya kwanza kwa sauti ya kawaida, mara ya pili kwa nguvu, mara ya tatu akimpigapiga nyayo. Kikatoka kilio hafifu, kama cha paka mchanga, kikakatika.

Mzee alitoka amembeba. "Anapumua," alisema. "Polepole mno. Tukimbie."

Derick ndiye aliyembeba mtoto mpaka garini, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na mbio. Mama yake alikimbia nyuma bila viatu, na Asumpta nyuma yake, amebeba begi la mzee, chupa ya dawa ya Swalehe ndani yake ikigongana na kijiko cha kupimia.

Swalehe aliwekwa kwenye oksijeni na dripu. Sista Lidwina alikaa kando ya kitanda, akihesabu pumzi kwa saa ya mkononi. Aliwaambia wote watoke isipokuwa mama. Ikawa hivyo jioni ile, na kesho yake mchana kutwa: mara pumzi zimepanda, mara zimeshuka. Derick alirudi Songea kuvipelekea taarifa vile vituo vingine viwili, na kumwandikia mganga mkuu barua yenye kila kitu, pamoja na kuliahirisha onyesho. Asumpta alibaki. Hakuwa na kazi yoyote pale. Alifagia ukumbi, akachota maji, akaambiwa akae, hakuweza kukaa.

Jumamosi saa tatu asubuhi Swalehe alilia. Kilikuwa kilio hasa, cha njaa na hasira, mpaka wagonjwa wa wodi ya pili wakauliza ni nini. Mama yake alimpakata akamnyonyesha. Hilda alikwenda kusimama nje, akimgeuzia kila mtu mgongo.

Mzee Fulgence alimkuta Asumpta ukumbini.

"Ameshapona?" Asumpta aliuliza.

"Sista anasema tumpe siku tatu tumwangalie. Lakini ananyonya." "Mama yake hajui kilichotokea. Anajua dawa imemzidi. Nimwambie mimi, au Sista amwambie?"

Asumpta alijua angeweza kusema ndiyo, mwambie wewe, na mzee asingemlaumu.

"Nitamwambia mimi."

Alikaa kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda. Alikuwa ameandaa maneno usiku kucha, na sasa yote yalionekana ya kijinga. Akasema alivyoweza.

"Mama Swalehe, ile karatasi iliyobandikwa kwenye chupa ilikuwa na kosa. Ilitakiwa iandikwe mbili na nusu. Iliandikwa tano. Si Hilda aliyekosea, wala mzee. Yeye aliandika sawasawa. Mashine niliyoitengeneza mimi ndiyo iliyomfutia. Niliipanga vibaya kwa sababu nilichoka kusoma. Mimi ndiye niliyefanya hivi."

Mama Swalehe hakunyanyua macho kutoka kwa mtoto.

"Tano," alisema. "Hilda alinisomea, tano, mpaka kwenye mstari. Nilipima kwenye mwanga kila siku. Sikuzidisha hata tone." Akamvuta mtoto karibu. "Tangu juzi nimekaa hapa najiuliza ni wapi nilizidisha. Mume wangu akirudi nitamwambia nini. Nilijua ni mimi."

"Si wewe."

"Si mimi," alirudia, na sasa machozi yakawa yanamdondokea mtoto kwenye paji la uso, naye anayafuta kwa kidole gumba.

"Nisamehe, dada."

Mama Swalehe alimtazama kwa mara ya kwanza. "Leo siwezi kusema hilo. Nimesikia ulichosema. Na utamwambia baba yake hivyohivyo, kwa mdomo wako."

"Nitamwambia."

Alimwambia, Jumapili, akiwa amesimama. Mwanamume yule alimsikiliza, akauliza swali moja, kama kuna watoto wengine, akaambiwa sita, wako salama. Akatikisa kichwa, akaingia wodini, asimuage.

Jumatatu, badala ya kusimama mbele ya wakubwa wa mkoa, Asumpta alikaa na Mzee Fulgence kwenye chumba cha dawa mbele ya kompyuta ya zamani. Mnara ulikuwa umeamka. Mzee alivuta kiti chake karibu na kumwambia aanze mwanzo, amweleze kila mpangilio, na asiruke kitu kwa kudhani anakijua.

Walifanya kazi siku mbili. Alama za mwisho wa mstari, namna moja pande zote. Majina: kwenye kumbukumbu za Songea mabadiliko ya mzee yalikuwa yakifika kwa jina "msimamizi", na hakuna aliyewahi kuuliza msimamizi ni nani; sasa yaliandikwa Fulgence Ngonyani. Sababu ya badiliko ilikuwa ikikatwa baada ya herufi hamsini. Sasa ilifika nzima. Daraja likigongana, lisimame. Lisichague upande wowote, wala lisiendelee, mpaka watu wawili, mmoja wa huku na mmoja wa kule, wameusoma mstari wenyewe na kuweka majina yao. Jedwali la vipimo lilitengwa kwenye faili lake peke yake.

"Na likisimama wiki nzima?" Asumpta aliuliza.

"Tutaandika kwa mkono. Tuliandika kwa mkono miaka ishirini."

"Baba, kama unataka kuiondoa programu yote, nitaelewa."

Mzee alifikiri. "Hilda hawezi kulikumbuka jedwali lote kichwani. Hata mimi siku hizi siwezi. Mashine ibaki. Ila usinyamazishe tena kitu kinachokupigia kelele kabla hujajua kinasema nini."

Ijumaa iliyofuata, akiwa Bombambili, Asumpta alikaa mbele ya kioo tangu saa tano na nusu. Saa sita kamili Daraja likaanza. Saa sita na dakika moja likasimama. Mgongano mmoja.

Derick alikuja kusimama nyuma ya kiti chake. Akapiga simu, ikaita, ikaita.

"Nimeuona," Mzee Fulgence alisema. "Ngoja nivae miwani."

Ulikuwa wa herufi tu. Songea walikuwa wameandika jina la dawa kwa herufi kubwa, kule likaandikwa kwa ndogo. Asumpta alicheka kwa pumzi moja, akanyoosha mkono kubonyeza.

"Hapana," alisema mzee. "Soma mstari wote. Jina, kilo, mililita, mara ngapi. Nami nasoma wa kwangu."

Akasoma kwa sauti, neno kwa neno, kidole kikifuata mstari kwenye kioo. Kule upande wa pili, sauti ya mzee ikamfuata nyuma, ikisoma vilevile.